Meno Yasiyohitaji Maji

Jumamosi asubuhi kesi ya mauaji ya kwenye benki alipewa mwenzake, tena yule aliyeingia kikosini miaka sita baada yake. Yeye Inspekta alipewa meno.

"Meno ya nani?" alimuuliza mkubwa wake.

"Ya mama mmoja. Safu mbili, ya juu na ya chini. Yameibwa kliniki juzi, kabla hajafungiwa."

Alichukua faili, akamtazama mwenzake akivaa koti na kutoka na watu wanne nyuma yake, magari mawili yakinguruma nje. Kama huo ni wivu, basi ulikuwa wivu, na alitembea nao kwa miguu mpaka kliniki, maana gari la tatu lilikuwa gereji.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Mapokezi palikuwa na viti tisa, mtungi wa maji ya kunywa wenye vikombe vikubwa vya karatasi, na bango kubwa la daktari wa meno mwenyewe, mikono kifuani, akicheka. Chini yake paliandikwa: TABASAMU LAKO NI KAZI YANGU. Daktari alimpokea Inspekta chini ya bango hilohilo, na ana kwa ana alionekana mdogo kuliko kwenye picha.

"Afande, sitaki kukupotezea muda," alisema. "Mwizi ninamjua."

"Ni nani?"

"Fundi wangu wa meno."

Fundi mwenyewe alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, ndani ya aproni yenye vumbi la plasta, na alisikia kila neno. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye vidole vyembamba na jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso.

"Kila kitu kikipotea humu anaanza na mimi," alisema fundi. "Hata kalamu."

"Nionyesheni mahali," alisema Inspekta.

Chumba cha maandalizi kilikuwa mwisho wa ujia mwembamba, mkabala na choo. Kitasa kilikuwepo, ufunguo haukuwepo. Daktari alieleza kwamba watu wote walijua hawaruhusiwi kuingia, akaliona hilo linatosha. Juu ya meza ya chuma lilikuwa sanduku la plastiki la bluu, limefunguliwa. Ndani mlibaki mfano wa taya za mama yule, wa plasta, wenye vichwa vidogo vya chuma vilivyochomoza, sita juu na sita chini.

"Nielezeni kama mnamweleza mtu asiyejua kitu," alisema Inspekta, "maana sijui kitu."

Daktari alikuwa mtu wa kupenda kueleza. "Mama huyu hana jino hata moja kinywani, mwaka wa kumi na tisa huu. Ugonjwa wa fizi. Amekuwa akitumia meno bandia ya plastiki, yale ya kuvua na kuvaa. Miezi mitano iliyopita nilimpandikizia skrubu kumi na mbili kwenye mfupa wa taya, na mfupa umezishika vizuri kabisa. Alhamisi ilikuwa siku ya kumfungia meno yenyewe juu ya hizo skrubu. Yakishafungwa hayavuliwi tena. Analala nayo, anaamka nayo, akitaka kuvunja mfupa wa kuku anavunja."

"Na meno yenyewe katengeneza nani?"

Daktari alikohoa kidogo. "Yametengenezwa hapahapa."

"Nimeyatengeneza mimi," alisema fundi. "Jino mojamoja. Rangi nimeichanganya mara nne mpaka ikapatana na uso wake."

"Chini ya uangalizi wangu."

"Ulikuwa likizo."

Inspekta aliandika yote mawili. Habari ya Alhamisi haikuwa ndefu. Saa tatu asubuhi fundi aliliweka sanduku mezani pamoja na karatasi yake ya kazi. Saa tatu na nusu mama alifika akiwa na mumewe na wifi yake, akapelekwa chumba cha eksirei. Saa nne daktari alikuja kuchukua meno, akakuta plasta peke yake. Vibanio vya sanduku havikuvunjwa, kabati halikuguswa, na dawa za ganzi, ambazo mwizi wa kawaida angezikimbilia, zilikuwa kamili.

"Kutengeneza mengine itachukua muda gani?"

"Wiki mbili," alisema fundi. "Kauri ya kutengenezea meno ya rangi yake imekwisha, mpaka iagizwe."

"Na mama hana wiki mbili," alisema daktari. "Ana mpaka Jumatatu saa tatu asubuhi."

Mama huyo, alieleza, ndiye aliyekuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kila mtu mjini aliyevuka miaka thelathini aliijua ile sauti. Watu walimwita Mama Stesheni hata wale wasiowahi kumwona. Meno yalipokwisha aliacha kazi. Stesheni ikaweka mashine, mashine ikawapandisha watu treni zisizo zao, na sasa ilitafutwa tena sauti ya mtu. Jumatatu waliitwa wawili kujaribiwa: yeye, na mwanamke mwingine wa miaka thelathini mwenye meno yake yote aliyozaliwa nayo. Atakayepita atakaa kwenye kile kiti mpaka astaafu. Na kwa meno ya plastiki hakukuwa na la kujaribu, maana safu ya juu ilimbanduka kila alipoharakisha maneno.

"Sasa nikuulize, afande," daktari alimgeukia fundi huku akiongea na Inspekta. "Nani atafaidika nikiaibika kwa mgonjwa anayejulikana mji mzima? Huyu anataka kufungua kliniki yake. Ameweka nyumbani kwake mifano ya taya za wagonjwa wangu wote, zaidi ya mia mbili, kabatini. Mtu mwenye akili timamu anaifanyia nini?"

"Naitazama," alisema fundi. "Wewe una picha yako ukutani. Mimi nina taya."

Walitazamana kwa namna ambayo Inspekta aliijua. Asubuhi ileile alikuwa amemtazama mwenzake hivyohivyo. Aliwaacha watazamane, akainama juu ya meza.

Karatasi ya kazi ilikuwa kando ya sanduku, imeandikwa kwa wino wa bluu. Kwenye pembe moja wino ulikuwa umetanuka na kufanya duara.

"Hili duara ni la nini?"

"Maji," alisema daktari. "Mtu kaweka kikombe."

"Nani huleta maji humu?"

"Hakuna," alisema fundi haraka. "Nimeshakataza. Ningemfukuza hata daktari mwenyewe. Na saa tatu nilipoiweka karatasi hiyo ilikuwa safi."

Inspekta alikwenda mapokezi, akachomoa kikombe kimoja cha karatasi, akarudi na kukisimamisha juu ya duara. Kilikaa sawasawa. Dada wa mapokezi, aliyemfuata kwa udadisi, alijitetea kabla hajaulizwa. "Kila mtu hushika kikombe hapa, afande. Watu wakimwogopa daktari wa meno hunywa maji. Siwezi kukumbuka nani alikuwa nacho na nani hakuwa nacho."

"Basi mwizi alikuwa na kiu," alisema daktari.

"Mwizi ameingia chumba asichoruhusiwa, ana dakika moja, pengine mbili. Hanywi maji." Inspekta aliuelekeza mfuniko wa sanduku kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa ndani palikuwa na madoa madogo yaliyokauka. "Maji yalirukia mpaka huku. Kuna kitu kilitumbukizwa kwenye hicho kikombe. Fundi, meno yale yanaenea humu?"

Fundi alikipima kikombe kwa vidole. "Yakisimamishwa yanaenea, safu zote mbili." Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Lakini kwenye maji? Ya nini?"

"Ndilo swali langu."

"Meno ya plastiki ndiyo hukaa kwenye maji, afande. Yakikauka yanapinda, kwa hiyo tunawaambia watu wayalaze kwenye glasi. Haya ni kauri. Yametoka kwenye tanuri lenye joto la kuyeyusha shaba. Yaweke kwenye maji, yaweke juani, hayajali."

"Wewe ungeyaiba ungeyaweka wapi?"

"Mfukoni."

"Na wewe, daktari?"

Daktari alichelewa kujibu, kwa kuwa alishaona maneno yanaelekea wapi. "Mfukoni," alisema.

"Basi aliyeyachukua hakusomea meno. Lakini ana mazoea nayo. Anaamini jino likikaa nje ya maji linaharibika, na hakutaka yaharibike." Inspekta alifunga daftari. "Mama alikuwa eksirei na msaidizi wako. Wanabaki mume na wifi."

"Mume ana meno yake yote," alisema fundi. "Ila wifi mtu ni kibogoyo kama mgonjwa mwenyewe. Ya kwake nimeyarekebisha mara tatu."

Inspekta alishukuru, akashuka ngazi. Nyuma yake alisikia fundi akimwuliza daktari kama sasa ataombwa radhi, na daktari akimwambia akapange vifaa.

Wifi mtu alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa na viti viwili, kioo kimoja na feni iliyozunguka ilipotaka. Inspekta alipojitambulisha, msusi aliendelea kumsuka mteja wake bila kugeuka.

"Nimekungoja tangu juzi," alisema. "Nilijua mtaanza na mimi."

"Kwa nini tuanze na wewe?"

"Kwa sababu nina wivu. Nenda kaulize ukoo mzima. Ninao, afande, sikufichi. Wifi yangu kibogoyo, mimi kibogoyo. Kwenye shughuli tunakaa pembeni sisi wawili tunatafutiana vyakula laini, miaka nenda miaka rudi. Halafu binti yake anampigia simu: mama, nenda kapandikizwe meno. Mimi nina watoto wanne. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza, mama, unatafunaje?"

Mteja kitini alicheka. Nywele zake zikavutwa kidogo, akanyamaza.

"Ungeyapata ungeyavaa?"

"Siku hiyohiyo! Lakini yanafungwa kwa skrubu, na skrubu mimi sina. Ningeyafanyia nini, niyavae shingoni?"

Inspekta aliomba kuona meno yake. Msusi hakuona haya. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaifungua. Safu ya juu ilikuwa imepinda upande mmoja na ina mstari wa gundi katikati.

"Mbona huyavai?"

"Yananibana. Navaa wageni wakija."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni polisi."

"Usiku unayaweka wapi?"

"Hapahapa kwenye leso."

"Si kwenye maji?"

"Maji ya nini, kwani ni samaki?"

Inspekta alikutazama kule kupinda, akakumbuka marekebisho matatu ya fundi, akamfuta msusi kichwani mwake. Mtu anayeyakausha meno yake mwenyewe mpaka yakapinda hawezi kubeba kikombe cha maji kwa ajili ya meno ya mwenzake. Aliinuka kuaga.

"Mtaalamu wa maji ni kaka yangu," msusi aliongeza mwenyewe, na sauti yake ikapungua ukali. "Kila jioni anachemsha maji, anayapoza, anamtilia mkewe kwenye glasi yenye kifuniko. Asubuhi anayasuuza yale meno kwa mkono wake, anampelekea kitandani. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitilia hata maji ya kunywa. Hata hilo nimemwonea wivu wifi yangu."

"Alhamisi, mama alipokuwa eksirei, kaka yako alikuwa wapi?"

"Tulikaa naye pale kwenye viti. Nikaenda chooni, niliporudi hayupo. Nikaambiwa ameondoka, ana suti ya mteja ya kumaliza. Nilishangaa. Mkeo anafungiwa meno, wewe unakimbilia su..."

Mikono ya msusi ilisimama katikati ya msuko. Alimtazama Inspekta kwenye kioo.

"Afande," alisema, "mimi sijasema kitu."

Hati ya upekuzi isingesainiwa kabla ya Jumatatu, na Jumatatu ingekuwa imechelewa. Inspekta alikwenda bila hati. Mtu ambaye ni ndugu wa mtuhumiwa hukaa na siri kwa saa moja, na msusi alionekana wa nusu saa, kwa hiyo alitembea haraka.

Mume wa Mama Stesheni alikuwa mshonaji wa suti. Alishonea chumba cha mbele cha nyumba, cherehani dirishani, koti la kijivu limevikwa kwenye sanamu isiyo na kichwa. Alikuwa mzee mrefu, nadhifu, mkanda wa kupimia shingoni na pini nne midomoni. Alimkaribisha Inspekta kwa kuitikia kwa kichwa, akaendelea kubandika mkono wa koti.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Alipomwona mgeni kiganja kimoja kilipanda mpaka mdomoni, kikabaki pale.

"Karibu, mwanangu. Keti," alisema kutoka nyuma ya kiganja, na Inspekta akaelewa kwa nini watu walikuwa wakiisikiliza ile stesheni. Sauti ilikuwa ya chini, haina haraka, na ilimfanya mtu atake kuambiwa lingine. "Umeyapata?" Hapo safu ya juu ilibanduka, ikagonga, na mama akaisukuma mahali pake kwa ulimi.

"Bado, mama. Nimekuja kuwauliza jambo moja tu, halafu niwaage." Inspekta alikaa kwenye kigoda. "Na kuna habari mbaya kidogo. Nimeongea na fundi aliyeyatengeneza. Anasema meno yale hayana adui isipokuwa mmoja. Maji."

Mshonaji alichomeka pini.

"Kwa ndani," Inspekta aliendelea, akimwangalia mama na si mumewe, "kila tundu la skrubu lina bomba dogo la chuma lililogandishwa kwa gundi. Kinywani gundi ile imefunikwa, haipati kitu. Lakini meno yakilowekwa kabla hayajafungwa, inalainika. Siku tatu tu, mabomba yanachomoka, na safu nzima ni ya kutupa. Na kwa bahati mbaya kuna dalili kwamba aliyeyachukua aliyaweka kwenye maji."

Hakukuwa na neno la kweli ndani yake, ila alilisema kwa uso mkavu wa miaka ishirini na mbili ya kazi. Mama alikaa chini taratibu. "Basi ndiyo yamekwisha," alisema.

Mshonaji alitoa pini midomoni, moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake.

"Siku tatu kamili?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema fundi."

"Yaliibwa Alhamisi. Leo zimetimia siku mbili."

"Ndiyo, mzee. Yakitolewa leo yakakaushwa, labda yanapona. Kesho hayaponi."

Mshonaji alilitazama koti. Alilizunguka, akaligusa begani, akasema uzi wa kijivu umemwishia na mwingine uko chumbani, akaingia ndani. Hakufunga mlango vizuri.

Mama alitaka kusema kitu. Inspekta aliweka kidole midomoni, naye akatii. Walisikia droo ikivutwa, kifuniko kikifunguka, na maji yakimwagwa kwenye beseni. Inspekta aliinuka. Hakuharakisha.

Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mtungi wa kioo karibu na goti lake. Alikuwa ameitandika hariri ya bitana mapajani, na juu yake meno yaliyotafutwa mji mzima, meupe kwa kiasi tu, yenye ufizi wa waridi uliopakwa kwa mkono. Alikuwa akipuliza tundu mojamoja na kulikausha kwa ncha ya kitambaa, na aliwaona wamesimama mlangoni lakini hakuacha.

"Yamebaki matano," alisema. "Niache nimalize."

Inspekta alimwacha amalize. Mama hakusogea.

"Ni wewe," alisema mama hatimaye.

"Nilitaka Jumatatu ipite tu. Jumanne ningeyarudisha mlangoni kwao. Sikuyafanya kitu, maji nimebadilisha kila siku asubuhi na jioni. Meno ungepata."

"Na kazi?"

"Kazi wangempa yule mwingine."

"Na mimi je?"

"Wewe ungekuwa hapa." Mzee aliviringisha ncha ya kitambaa, akaitia kwenye tundu la mwisho. "Umesahau ilivyokuwa stesheni? Wanaume walikuwa wakija pale dirishani hawana hata tiketi, wanataka tu kumwona mwenye sauti. Najua, maana nilikuwa mmoja wao. Nilikuja kupima sare za wafanyakazi nikarudi mara nne kupima upya. Nimeoana nawe bado wanakuja. Halafu meno yakatoka, ukaacha kucheka mbele za watu. Ukawa unacheka humu ndani. Nikawa mimi peke yangu ninayekuona mdomo uko wazi. Sasa amekuja daktari, kila wiki unamfunulia kinywa mbele ya wasaidizi wake, ukirudi unaimba jikoni. Nina wivu, mke wangu. Nina wivu na yule daktari. Nina wivu hata na abiria ambao sijawaona."

Chumba kilikuwa kidogo na Inspekta hakuwa na pa kuangalia. Aliangalia koti la kijivu kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Ulikuwa unafurahi?" aliuliza mama.

"Nini?"

"Miaka yote hii nikijificha. Nikikataa harusi, nikikataa kuzungumza na watu dirishani, nikila mgongo nimewapa wageni. Wewe ulikuwa unafurahi?"

Mshonaji alikunja bitana mara mbili, akainyoosha, akaikunja tena.

"Mzee," alisema Inspekta, "kuna mtu anaitwa mwizi tangu Alhamisi kwa ajili yako. Meno nitayarudisha kliniki sasa hivi, na nitasema nimeyatoa wapi. Mlalamikaji ni daktari. Akitaka kukushtaki nitarudi kukuchukua. Akifuta, shukuru." Alitoa mfuko wa vielelezo, akaufungua mbele ya magoti yake.

Mshonaji aliyatia mwenyewe, safu ya chini kwanza, kisha ya juu, akiwa ameyavingirisha ndani ya hariri. "Gundi haijalegea," alisema. "Nimejaribu kwa kidole. Mwambie fundi haijalegea."

"Hayana gundi ya kulegea, mzee. Nilikudanganya."

Alipokea habari hiyo kwa utulivu, pengine kwa nafuu. "Kwa hiyo ni mazima?"

"Ni mazima."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, na Inspekta hakuwa na shaka kwamba alisema kweli.

"Daktari yupo mpaka saa ngapi?" aliuliza mama.

"Mpaka saa nane. Tukiondoka sasa atakufungia leo hii."

"Nakuja na nyinyi," alisema mshonaji, akijaribu kuinuka.

"Wewe baki umalize suti yako," alisema mkewe.

Kisha akafanya jambo ambalo Inspekta hakulitegemea. Alisimama wima katikati ya chumba, akamgeukia yeye, mgeni, polisi asiyemjua hata kwa saa moja. Akaingiza vidole kinywani, akatoa safu ya juu, kisha ya chini. Mashavu yakaingia ndani na kidevu kikapanda. Alifungua kinywa, Inspekta akaona ufizi mtupu na vile vichwa kumi na viwili vya chuma viking'aa. Mzee alitoa sauti ndogo ya mtu aliyechomwa pini. Mama aliinama, akaufungua mkono wa mumewe, akayaweka yale meno ya plastiki kwenye kiganja chake, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Haya ni yako," alisema. Maneno yalitoka mapana, hayana kingo, lakini yalieleweka yote. "Twende, afande."

Nje palikuwa pamechangamka. Jirani wa kushoto alikuwa akianika nguo, mwenye duka la kona alikuwa akipanga kreti, wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakibishana mpira. Inspekta alishika mfuko wake, akatangulia. Alidhani mama angepita upande wa ukuta, kiganja mdomoni. Mama alipita katikati ya njia, mikono miwili ikining'inia.

"Hamjambo!" aliwaambia wale wa kwenye benchi, kinywa wazi mpaka mwisho.

Walisahau mpira. Mmoja aliinuka bila kujua kwa nini. "Hatujambo, mama," walisema. "Sijambo, na nyinyi je?" aliendelea, na akasimama kabisa kungoja wajibu. Alimsalimia wa nguo, akamwuliza habari za mguu wake. Alimsalimia wa dukani, akacheka kitu alichoambiwa, akacheka kweli, kichwa nyuma, ufizi wote juani.

"Mke wangu!" mshonaji aliita kutoka mlangoni. "Funika mdomo! Watu wanakuona!"

Mama Stesheni alimgeukia, akampungia mkono, akaendelea na salamu zake mpaka kona. Mumewe alibaki mlangoni, ngumi imeyafumbata yale meno, akimwangalia mmojammoja kila aliyemwona mkewe.